Mjomba Alivyotuma Mtu Kizimbani

Mimi sina subira, na kesi ya mjomba ilinimalizia hata kile kidogo nilichokuwa nacho. Mjomba, kaka wa mama yangu, analima kijijini Milola. Aliingia mpakani na panga, akakata matawi ya mkorosho wa jirani yake, eti yanaizibia jua mihogo yake. Jirani akaenda polisi. Polisi wakampeleka mjomba mahakamani Lindi mjini kwa kosa la kuharibu mali. Mimi ni mwalimu hapo mjini, nina kitambulisho cha kazi, basi nikawa mdhamini wake.

Sasa huyo jirani ni mtani wake. Kwetu koo zina utani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe na huwezi kukasirika. Hawa wawili wanatukanana tangu wakiwa watoto. Mjomba alipofiwa na mkewe, mtani huyo alijitanda kanga ya marehemu, akamgombeza mfiwa kwa sauti ya marehemu mpaka watu wakacheka huku wanalia. Na ndiye aliyechimba kaburi. Lakini panga kwenye mkorosho wa mtu si utani.

Kesi ikawa ya kutajwa tu. Unafika asubuhi, unakaa kwenye benchi mpaka makalio yanakufa ganzi, jina linaitwa, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine. Haya, nenda zako.

"Yaani wananiita ili waniambie hawako tayari?" mjomba akaniuliza. "Si wangenipigia simu nikiwa shambani?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto darasani: mshtakiwa aliye nje kwa dhamana lazima afike mwenyewe, hata siku ya kutajwa tu. Asipofika bila sababu, dhamana inafutwa, anakamatwa, anawekwa mahabusu.

"Na aliyenishtaki?"

"Yeye siku za kutajwa halazimiki."

"Lo! Aliyeshtaki analala kwake, mimi niliyeshtakiwa ndiye napanda gari!"

Nikabadilisha mazungumzo.

Siku moja ya kutajwa, asubuhi, simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niko kitandani. Mguu umevimba, hata kusimama siwezi. Lakini usiwe na wasiwasi, nimetuma mtu aniwakilishe."

Kwetu, kweli, ukishindwa kufika harusini au msibani unatuma mtu. Anafika, anasema fulani anaumwa lakini mko naye, na wewe unahesabiwa umefika. Hakuna anayekulaumu.

"Mjomba, mahakama si msiba!" nikapiga kelele. "Ungeniambia jana tutafute cheti cha hospitali!"

Simu ikakatika. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda mahakamani mbiombio, jasho linanitiririka. Nilichowaza ni kimoja tu, mzee yule na mguu wake amelala sakafuni mahabusu.

Nilipoingia, karani alikuwa anaita jina la mjomba. Kwenye benchi la mbele akainuka mtu mwenye kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito.

"Yupo!" akasema.

Jamani! Alikuwa ni mtani. Mlalamikaji mwenyewe!

Mwendesha mashtaka alitazama jalada lake, akamtazama yule mzee, akarudi kwenye jalada. Hakimu akavua miwani.

"Wewe ndiye mshtakiwa?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekatiwa mkorosho. Mshtakiwa anaumwa, amenituma nimwakilishe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Askari wa mlangoni aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Mzee, huwezi kuwa mlalamikaji na mshtakiwa kwa wakati mmoja."

"Kwa leo tu, mheshimiwa."

Hakimu akauliza kama mdhamini yupo. Nikasimama. Nikaeleza kuhusu mguu, nikaomba msamaha. Alisikiliza, kisha akasema tarehe ijayo mshtakiwa afike mwenyewe au niwasilishe cheti cha daktari, la sivyo atatoa hati ya kukamatwa. Nikashukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nje nikamgeukia mtani. Heshima ya umri wake niliiacha mle ndani.

"Babu wewe! Kama unamhurumia, si ufute kesi?"

"Nifute kwa nini? Alikata au hakukata?"

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja asifungwe." Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa mambo. "Mimi nataka aseme amekosea. Wakimweka ndani, nani atakuja kuniambia?"

Nikaondoka nikinung'unika. Wazee hawa wangeniua.

Mwisho wa wiki nikampeleka mjomba hospitali. Alipewa dawa, akapewa na cheti. Lakini tarehe ilipofika akakataa cheti kisimame badala yake. Watu walikuwa wameshamcheka vya kutosha, alisema, safari hii atakwenda mwenyewe. Alifika kwa bodaboda, mguu umefungwa bandeji, na nyuma yake mtani amemkumbatia kiunoni asidondoke, huku anamtukana kwamba ananuka kama beberu.

Jina likaitwa. Mjomba akapanda kizimbani, na mtani akapanda naye, amemshika kwapani.

"Mlalamikaji, shuka," hakimu akasema. "Hapo si mahali pako."

"Nikimwachia ataanguka, mheshimiwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba upelelezi bado haujakamilika.

"Nilikata," mjomba akasema ghafla. Hakuwa anamwangalia hakimu. "Mtani, nilikata, nikakosea. Nilikuwa na hasira tu. Nisamehe."

"Mshtakiwa, hujaulizwa," hakimu akasema.

"Mimi je, naruhusiwa?" akauliza mtani. "Mheshimiwa, nilikuwa nasubiri hilo tu. Naomba kesi iishe."

Hakimu akamuuliza mwendesha mashtaka kama ana pingamizi. Hakuwa nalo. Nilikaa chini nikalia, mwalimu mzima, napenga kamasi kwa ncha ya mtandio. Hakimu akainama, akaandika kwa muda mrefu. Wale wawili walibaki wamesimama mle kizimbani wameshikana, wakisubiri kuambiwa nani ashuke kwanza.