Bushi Ambazo Watiri Hakuzitilia Sahihi

Watiri alikuwa fundi mkuu wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Kianyaga. Kazi alifunzwa na baba yake, na wanaume waliomcheka mwanzoni kwa kuwa mwanamke sasa walimwita wakikwama.

Mwaka wa 1996 alisumbuliwa na mlango wa chuma unaopunguza moto wa tanuri. Ulikwama kila juma, kwani grisi iliungua kwenye bushi, zile pete zinazoshika mhimili wa mlango.

Akaja mhandisi kutoka Nairobi, Kahiga, na bushi zilizopakwa utando mgumu kama ngozi, wenye madini ya fedha.

"Zikipata joto, fedha inatoka juu kama jasho, inalainisha," akasema. "Grisi sahau."

Ilikuwa kweli. Zilipofungwa, mlango ukageuzwa kwa kidole. Lakini juma la tatu ukaanza kulia. Watiri alipoufungua, alikuta punje za fedha zimejaa juu, na chini yake ngozi imekuwa unga wa kahawia.

Hata hivyo meneja, Bwana Ngatia, alimtaka atie sahihi fomu, bushi ziagizwe kwa tanuri zote.

"Siweki."

"Mama, karatasi ya maabara inasema zinavumilia," Kahiga akasema.

"Hiyo karatasi haijawahi kukaa kwa moto. Mimi nimekaa."

Ngatia akamhamishia kwenye kupokea majani ya wakulima. Watiri alienda, hakuomba msamaha. Alichoomba ni bushi mbili tu. Moja akaiweka mdomoni mwa tanuri, nyingine upande wa feni, penye joto kidogo. Kila saa ya chakula alikwenda kuzitazama, wenzake wakinong'ona.

Baada ya siku kumi na nane alizikata kwa msumeno, akaziweka mezani kwa meneja, Kahiga akiwepo. Ya feni ilikuwa nzima. Ya tanuri ilijaa vitundu.

"Fedha ikitoka inaacha njia," Watiri akasema. "Hewa ya moto inaingia hapo hapo, inakula ngozi kutoka ndani."

Kahiga aliikwaruza ile ya tanuri kwa tupa.

"Ni kweli," akasema.

"Basi andika. Fomu ndiyo hii."

Akaandika. Bushi za Kahiga zikaagizwa kwa upande wa feni pekee; kwenye tanuri Watiri alitumia bushi tupu za chuma cha kusubu, akazibadilisha kila miezi miwili kabla hazijakwama.

Alirudishiwa mitambo yake. Ngatia hakumwomba radhi kamwe, na Watiri naye hakumwamkia kwanza hadi alipostaafu.