Kiti Nilichochagua Ndani ya Motokari ya Mukwe

Ninyi vijana mutakaosoma hii, mucheke tu, hata miye nilicheka kisha.

Mukwe wangu, bwana wa binti yangu Furaha, alipata motokari yenye nyumba ndani: kitanda, jiko, maji. Alitaka nione bonde la Ruzizi kwa njia ndogo za mashambani, miguu yangu ikiwa bado ina nguvu. Ninamushukuru. Lakini kitanda kilikuwa chao, na kwetu mama mukwe hakalii kitanda cha mukwe. Nikaona kwenye kona kiti cheupe chenye mufuniko, na rido, lile pazia la kitambaa, mbele yake. Nikasema, hapa ndipo pa mama mwenye heshima. Nikakaa, nikavuta rido, nikafungua dirisha.

Tulipopita Bwegera, Furaha akaja.

"Mama, haujachoka kukaa hapo?"

"Sijachoka. Niache nitazame mupunga."

Akarudi tena. "Mama, kuja mbele, upepo iko muzuri."

"Hapa panatosha."

Karibu na Katogota motokari ikasimama gafula. Mukwe akatoka mbio, akaingia katikati ya mupunga ameshika mukaba wa suruali. Wanawake waliokuwa wanapalilia wakamusalimia, yeye mbio tu.

"Ana nini huyu?"

Furaha akatazama chini. "Mama, hiyo unakalia ni choo. Tumbo inamukata tangu Bwegera. Alikataa nikuambie. Alisema mama asisimamishwe."

Heshima ya namna hiyo sijapewa na muntu mwingine. Aliporudi, nikasimama, nikawaamuru wote: "Tangu leo, kwangu, mwenye kutaka choo aseme, hata kama ni miye nimeikalia."