Maneno Niliyoyaruka

Harufu ya mabibo ya mikorosho yanayooza juani hunirudisha Nanyamba hata nikiwa nimefunga madirisha yote ya ofisi yangu chuoni. Ni harufu tamu yenye ukali wa pombe, nami siipendi. Msimu ule nilikuwa darasa la nne, hodari wa kusoma kwa sauti, kichwa kimenivimba kwa sifa. Baba alikuwa ameshafariki. Mama hakujua herufi hata moja, hivyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Kwetu mtu akibanwa na shida hukodisha mikorosho yake: mwenye fedha huvuna msimu mmoja au miwili, kisha miti hurudi kwa mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amelazwa, na mama hakuwa na njia nyingine. Mfanyabiashara akaja na karatasi, akatandikiwa mkeka. "Tusomee, mwanangu, mgeni asituone wajinga," mama akasema. Nikasoma kwa mbwembwe. Nilipofika kwenye "kuhamisha umiliki wa ardhi kwa kudumu," nikaruka. Sikuyaelewa maneno yale, na niliona haya kugugumiza. Mgeni alijua. Alinitazama, akatabasamu, akasema, "Huyu atafika chuo kikuu." Mama akacheka kwa furaha, akachovya dole gumba kwenye wino.

Msimu ulipokwisha mama alikwenda kufyeka chini ya mikorosho, akafukuzwa kwa mapanga. Kwenye baraza la kijiji, mwenyekiti aliuliza nani aliyemsomea mama ile karatasi. Nikanyooshewa kidole. "Haya, isome tena," akaniamuru. Safari hii nilisoma yote, neno kwa neno, na shamba likatutoka kwa sauti yangu mwenyewe. Kuna waliocheka. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilificha wangu, akavuliwa mama. Tukahamia Mahurunga, kulima shamba la kuazima.

Leo nafundisha sheria na uchumi, na vitabu vyangu vyote ni juu ya mikataba ya ardhi. Mwanafunzi akiruka neno namfokea mpaka machozi yamtoke, kisha najichukia. Nilipopewa uprofesa nilimpelekea mama barua ya uteuzi. Nikamsomea polepole, hata anwani, hata maneno ya kwenye mhuri, naye akisikiliza huku anamenya mihogo.

"Na hapo umeruka wapi?" akaniuliza, bila hasira.

Nikamwapia kwamba sikuruka popote. Akafuta mikono, akaichukua barua, akaenda kumwita binti wa jirani aje amsomee.