Winga wa Upande wa Chini

Ukungu wa Tumati haujaamua kuondoka. Ng'ombe wanapita kwenda malishoni, unasikia kengele zao lakini huwaoni. Katikati ya weupe huo kuna mlio mwingine, wa jembe linalogonga udongo mkavu, linapumzika, linagonga tena.

Ni Evarist Sulle. Amevua koti, amelitundika kwenye mlingoti wa goli. Anachimba pembeni mwa uwanja wa mpira, anapakia udongo kwenye toroli, anausukuma hadi ukingo wa chini, anaumwaga, anaushindilia kwa miguu. Kisha anavuta kamba kati ya vijiti viwili, anainingʼiniza pima maji katikati, anainama kuitazama kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mitihani.

"Kamba bado inalalia upande wa chini," anasema, na kurudi kwenye jembe.

Ana umri wa miaka thelathini na sita. Kazi inayomlisha ni kuchimba matuta na makinga maji katika mashamba ya watu, kuanzia Daudi hadi Masieda, kwa ujira wa shilingi elfu moja na mia tano kwa siku, siku inapopatikana. Lakini ukiuliza habari zake sokoni, hakuna atakayekuambia habari za matuta. Watasema, "Unamtaka Mholanzi? Yule winga?"

Jina hilo lina kisa chake, na ndicho kilichomfikisha kwenye hili shimo.

Uwanja wa kijiji cha Tumati, wilayani Mbulu, umelala ubavuni mwa kilima. Mstari wake wa juu unapakana na shamba la maharage la Evarist, na mstari wa chini unaishia kwenye uzio wa Mama Mectilda, muuza togwa na pombe. Ukisimamisha mtu mzima kwenye mstari wa chini, kichwa chake hakifiki usawa wa mstari wa juu. Mpira wowote usio na mwenyewe huenda kwa Mama Mectilda.

Kwa sababu hiyo, timu ya Tumati ilikuwa na utaratibu wake ambao huwezi kuukuta kwingine. Winga wao hodari hakuwa wa kulia wala wa kushoto. Alikuwa wa chini. Kipindi cha kwanza alicheza kushoto, na timu zikibadilishana magoli alihamia kulia, ili daima abaki kule mpira unakoteremkia. Kutoka huko alipiga krosi za kupanda mlima, na washambuliaji wakazimalizia kwa kichwa. Wageni walihangaika.

"Timu zilikuwa zinakuja hapa na nyimbo, zinaondoka kimya," anasema Mama Mectilda, akicheka. "Mabeki wao walikuwa wanaporomoka mpaka kwenye mapipa yangu. Nilikuwa nawaambia, wanangu, kama mnataka pombe pitieni mlangoni."

Winga wa chini hodari kuliko wote alikuwa Evarist.

Mwaka 1992 alifika Tumati fundi wa maji kutoka Uholanzi, Bwana Henk, aliyekuja kutandaza mabomba ya mradi. Huyu hakuwa mzungu wa kusimama pembeni na kamera. Alikuwa amecheza mpira wa kulipwa kwao, akiwa winga, miaka tisa, hadi goti lilipomkatalia. Alimwona Evarist akipiga krosi, akaacha mabomba yake, akavua viatu vya kazi, akaingia uwanjani.

"Kila jioni alinifundisha," Evarist anakumbuka. "Alikuwa anasema: kaa mstarini, subiri, usiufuate mpira kama ndama anavyomfuata mama. Beki akikukaribia, mwonyeshe njia moja, pita nyingine. Alinipa jezi yake ya rangi ya chungwa. Ndipo watu wakaanza kuniita Mholanzi."

Henk aliandika kwa klabu moja ya Arusha, wakakubali kumjaribu kijana wake. Baba yake Evarist, Mzee Yoakimu Sulle, aliuza maksai mmoja kati ya wawili aliokuwa nao, apate nauli ya mwanawe na viatu vya mpira. Maksai mmoja halimi peke yake. Mwaka ule mzee alilima kwa mkono, yeye na mkewe, na hakulalamika.

Arusha uwanja ulikuwa tambarare. Kocha alimuuliza kijana kutoka Mbulu anacheza upande gani.

"Nikajibu, wa chini," anasema Evarist. Hacheki. "Wote walicheka. Wakanipanga kushoto."

Alimpita beki. Akampita tena. Halafu akapiga krosi, na mpira ukaruka juu ya vichwa vya wote, juu ya goli, ukatua barabarani. Akapiga ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu aliipiga kwa uangalifu wote aliofundishwa, na ikaenda mbali zaidi. Kocha akasema, "Huyu anapigia mawingu. Mpeni maji akapumzike." Hakuitwa tena.

Alirudi nyumbani na viatu vyake vipya begani. Mzee Yoakimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno manne: "Basi uliogopa, mwanangu. Pole."

Jumapili iliyofuata Evarist alicheza Tumati, na kila krosi yake ilitua kichwani mwa mtu. Naye akaamini kwamba kweli aliogopa. Alilibeba neno hilo miaka saba, na baba yake akafa nalo.

Ukweli aliupata kwenye kazi ya matuta. Mwaka 1999 bwana shamba aliwafundisha vibarua kutumia kamba na pima maji, ili makinga maji yasivujishe. Siku moja, akitoka kazini, Evarist alivuta kamba yake kukatiza uwanja, kwa mchezo tu. Kisha akakaa chini.

"Nilikaa hadi ng'ombe wakarudi," anasema. "Niliona kwamba mguu wangu ulikuwa umekariri mlima. Haukujua kupiga penye tambarare. Hata Henk hakuliona hilo, kwa sababu alinitazama hapa tu. Na baba yangu alikuwa ameshazikwa."

Habari hii ingeweza kuishia hapo, kama huzuni nyingi za watu wa kawaida zinavyoishia, bila mtu kuandika. Lakini mkoa mpya wa Manyara umezaliwa, na mkoa unataka timu. Vijana wa wilaya zote wameitwa Babati kuchaguliwa mwezi huu, na kutoka Tumati ameitwa mmoja: Maximilian, mwenye miaka kumi na tisa, mdogo wake Efrazia, mke wa Evarist. Maximilian ni winga wa chini.

Tangu mvua za masika zilipokatika, Evarist amekuwa akichimba. Si uwanja wote, maana huo ni kazi ya miaka. Ni kona moja tu na eneo la mbele ya goli moja, ili shemeji yake apate mahali tambarare pa kupigia krosi kabla ya Babati. Mwanzoni alichimba peke yake, na maneno aliyoyapata yalikuwa mengi kuliko udongo.

"Walisema ananyoosha uwanja ili tufungwe," anasema Mama Mectilda. "Na mimi nilisema. Nisidanganye."

Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ukingo wa juu haukatiki bila kula shamba la maharage.

"Nilimwambia, Baba Violeth, watoto watakula krosi?" anasema Efrazia. "Shamba lenyewe dogo, wewe unalimega kwa ajili ya mpira. Nilimnyima maneno wiki nzima."

Maneno makali kuliko yote yalitoka kwa Maximilian mwenyewe, mbele ya wenzake. "Shemeji, shikamoo yako naitoa kila siku. Lakini wewe ulishindwa Arusha. Mimi siyo wewe."

Evarist alirudi kwenye jembe. Alichimba. Kona ilipokaa sawa, alimwita kijana, akaweka mpira kwenye udongo mpya, akasimama mwenyewe mbele ya goli.

"Nipigie kichwani," akasema.

Mpira ulipita juu ya goli. Maximilian akacheka, akasema upepo. Wa pili ukapita juu zaidi. Wa tatu ukatua katikati ya maharage, karibu na Efrazia aliyekuwa akipalilia. Hakuna aliyecheka. Kijana alitazama mguu wake kama vile ni wa mtu mwingine.

Efrazia aliuokota mpira, akamtazama mdogo wake, akamtazama mumewe.

"Kata mpaka pale kwenye vitunguu," akasema. "Usizidi."

Kesho yake Maximilian alikuja na jembe. Keshokutwa walikuja vijana kumi na moja, na Mama Mectilda akaleta togwa, akidai kwamba yeye ndiye aliyeshauri tangu mwanzo.

Sasa ukungu umeinuka. Maximilian amefika. "Shikamoo, shemeji." "Marahaba. Anza." Anapiga krosi ya kwanza, chini mno. Anapiga nyingine, inatua penye paji la uso la beki wa kati, ambaye anaisukuma wavuni. Kijana hashangilii. Anarudi kwenye kona, anapiga tena. Jumamosi anapanda lori la Babati, na hakuna ajuaye kama mguu umesahau vya kutosha.

"Akirudi, ameshindwa au ameshinda, atakuwa ameshindwa au kushinda kwa haki," anasema Evarist. "Hatabeba neno lisilo lake."

Kiangazi kijacho anataka kuanza kukata katikati ya uwanja, na kinachofuata upande wa pili. Anakadiria miaka minne, kama vijana hawatachoka. Kaburi la Mzee Yoakimu liko upande wa chini wa shamba, hatua chache kutoka hapo, na Evarist hajawahi kusimama mbele yake kusema anachokijua.

Anauweka mpira mbele ya goli, mahali ambapo zamani ungeteremka hadi kwa Mama Mectilda. Unatikisika kidogo, unatulia.

"Nitamwambia baba kwamba sikuogopa," anasema, akichukua jembe. "Lakini siyo leo. Nataka nimwambie siku uwanja wote utakapokuwa umenyooka."