Mama Rita na Hoteli ya Mtaliano

Hapa Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, wote tunamwita Mama Rita, ingawa Rita mwenyewe hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona. Jina lake ni Teresina. Anauza nyanya na vitunguu kando ya barabara ya Nimule, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Mimi ni Mkisii, nafua nguo za wageni katika hoteli moja mjini. Yeye alikimbilia Uganda wakati wa vita, akarudi na Kiswahili cha huko, ndipo tukapata lugha ya kuongea.

Rita alitoka mikononi mwake akiwa na miaka minne, huko huko kambini Uganda. Moyo wa mtoto ulikuwa na tundu. Nesi mmoja Mtaliano akasema kwao ugonjwa huo unatibika, akapanda naye ndege. Nyuma yao kambi ikashambuliwa, watu wakatawanyika, na nesi alipomtafuta mama wa mtoto hakumpata. Basi akamlea. Mama Rita miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mtoto kwenye misa, mwaka mmoja kati ya walio hai, mwaka mwingine kati ya marehemu, maana hakujua yuko upande gani.

Mwaka jana padre mmoja akasaidia, wakapatana kwa simu. Rita sasa ni mwanamke mzima, anajua Kitaliano na Kiingereza tu. Mimi ndiye nilikuwa mdomo kati yao, na Kiingereza changu cha darasa la saba, kingine cha kuokota kwa wageni. Siku moja akasema anakuja Juba, ila hatakaa sana.

Nilidhani Mama Rita ataanza kutafuta mtama mzuri wa kumpikia mtoto. La. Alinijia kazini, nikiwa naanika mashuka.

"Mama Job, wewe unajua mji. Hoteli ya chakula ya Mtaliano iko wapi? Mzuri kabisa."

"Ya nini?"

"Ya mtoto."

"Mtoto anakuja kwa mama yake, wewe unamtafutia hoteli?"

"Huyu mtoto alitoka kwangu mgonjwa," akasema. "Sasa akule chakula yangu siku ya kwanza, tumbo ikatae, alazwe. Atasema nini juu yangu? Wacha akule kwanza ile tumbo yake inajua. Nyumbani tutakwenda kesho yake."

Sikumbishia. Mtu aliyewahi kumpa mtoto wake kwa mwingine ili apone, utamwambia nini?

Tukazunguka mji kila nilipopata mapumziko, sisi wawili nyuma ya boda moja. Karibu na mtaa wa Hai Malakal tulimkuta Mweritrea anayepika makaroni kwa nyama ya kusaga. Yalikuwa matamu sana, lakini yana pilipili, na Mama Rita akaona pilipili si ya mtu wa moyo. Upande wa uwanja wa ndege kulikuwa na mahali pamechorwa bendera ya Italia ukutani. Mama Rita akamwuliza mhudumu, "Mwenye kupika ni Mtaliano yeye mwenyewe?"

"Ni Mtaliano wa Mbarara, mama," akajibu yule, "lakini ukifunga macho hutajua."

Mama Rita alicheka mpaka akashika meza.

Mwishowe Phineas, mpishi wa hotelini kwetu, akatuelekeza kando ya mto, kwa mzee mmoja Mtaliano aliyekuja na kazi ya barabara, kazi ikaisha, yeye akabaki akipika. Alitoka jikoni mikono imejaa unga. Mama Rita akamshika mkono hivyo hivyo.

"Wewe iko na mama bado?"

Nikatafsiri. Mzee akasema alishafariki.

"Basi mpikie mtoto wangu kama vile yeye alikupikia."

Mzee alijipangusa uso kwa aproni, ukawa mweupe wote. Tulitoka pale Mama Rita akiimba wimbo wa kanisani.

Siku ya kufika tulimngoja Rita uwanja wa ndege. Mrefu, paji la uso ni la mama yake kabisa. Walikumbatiana hapo mlangoni, watu wenye mizigo wakawa wanawazunguka kama maji. Garini Rita akaniambia kwa Kiingereza kwamba tangu jana hajala kitu, hata kwenye ndege alikataa. Nikamwambia Mama Rita, mtoto ana njaa.

"Asante Yesu," akasema. "Dereva, twende mbio."

Mzee Mtaliano aliandaa vizuri. Alikanda tambi kwa mkono wake, mchuzi wa nyanya, na jibini juu. Rita alitazama sahani, akatazama mto, akanitazama mimi.

"Kwa nini hapa?"

Nikamweleza kwamba mama yake ameutafuta mji mzima. Alichukua uma, akala polepole. Mama Rita alikuwa anaifuata kila tambi kwa macho mpaka inaingia mdomoni. Rita alipomaliza alianza kuongea, na hakunitazama.

Alisema huko aliko ana rafiki, Abang, binti mwenye asili ya huku Juba. Rita alimwuliza, nitajuaje kama mimi bado ni mtoto wa mama yangu? Abang akaulizia kwa shangazi zake. Wakamwambia katika ukoo wa akina Teresina mtoto aliyetoka mbali husimamishwa mlangoni, akanyunyiziwa maji, na mama akamtia tonge la kwanza kwa mkono wake, kabla hajaonja chochote cha mji. Wageni ndio hupelekwa kula nje.

"Kwa hiyo nilikuja na njaa," akasema.

Mama Rita akanigusa. "Anasema nini? Chumvi imezidi?"

Ningeweza kusema ndiyo, imezidi. Nikamwambia yote.

Alinyoosha mkono akaifunika ile sahani tupu kwa kiganja, kama mtu anayezuia nzi.

"Mimi najua hiyo desturi. Mama yangu alinilisha hivyo nilipotoka Uganda. Mwambie sikusahau. Mwambie niliogopa tumbo."

Nikasema. Rita akajibu kwamba anaelewa, akamshika mama yake mkono. Lakini alimshika jinsi wageni hotelini wanavyonishika mimi, nguo zikiwa zimetoka safi.

Kesho yake Mama Rita aliamka kabla ya adhana. Akasonga ugali wa mtama, wenyewe huuita asida, akapika mboga ya majani na karanga za kusaga. Wanawake wa jumuiya walipanga mstari kwenye ua wakingoja kupiga vigelegele tonge likipokelewa. Mimi nilikuwa nasali kimya, Mungu asaidie.

Rita alifika, akasimama mlangoni. Akanyunyiziwa maji. Mama Rita akakata tonge, akachovya, akainua. Hapo Rita akaniinamia sikioni.

"Bado inahesabika? Maana jana nilikula."

Nilimfikishia mama yake lile swali. Mkono wa Mama Rita ulikuwa bado juu, mchuzi unashuka mpaka kiwikoni. Tangu nimjue sijamsikia akisema uwongo, hata bei ya nyanya.

"Mwambie sasa hii ni chakula tu," akasema. "Lakini nimepika mimi."

Rita akafungua mdomo, akala. Akasema ni tamu. Akaingia, na bila kuonyeshwa akaenda kukaa kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa. Alikula sahani nzima, tumbo halikukataa. Akashukuru, akapiga picha moja mlangoni pamoja na mama yake, kisha akasema amechoka, ataenda kupumzika hotelini alikofikia. Gari lilipochukua njia ya daraja Mama Rita aliliangalia mpaka vumbi likatulia.

Wanawake walikuwa bado kwenye ua. Peace, jirani yetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Rita, tupige vigelegele sasa, ama tungoje?"

"Msipige," akasema, akaanza kutoa sahani. "Ingieni mkule. Asida inapoa."