Bunduki ya Kuulia Mbweha

Shida zangu zilianza mwaka 1964, nina miaka kumi na moja. Baba alikuwa na duka la nafaka Unguja. Mwezi wa Januari lilikuwepo, mwezi wa Machi halikuwepo. Skuli niliachia darasa la nne. Nayasema haya mapema asije mtu akaniuliza nimesomea wapi. Nimesomea kubeba magunia Mombasa na kuosha masufuria London. Wenye digrii zao nimewauzia mayai miaka thelathini pale soko la Walthamstow, na mpaka leo wanavunja mawili kabla ya kufika kituo cha basi.

Mayai hayo, na kuku wa kienyeji, ndiyo jina langu. Watu wetu wakiwa na harusi au maulidi hawataki kuku wa supamaketi. Wanasema ana ladha ya pamba iliyorowa. Kuku wangu nawafuga nje ya mji, upande wa Essex, kwenye kiwanja nilichokodi kwa mkulima mmoja wa Kiingereza. Siku moja mbweha akaingia.

Kwetu mwizi wa kuku ni ngawa, naye ana haya: huchukua mmoja akaenda zake. Mbweha wa Kiingereza aliua kumi na tisa, akala mmoja, waliobaki akawalaza chini kama wageni waliovimbiwa. Nikaweka uzio, akachimba chini yake. Na mjini kwenyewe jirani yangu, bibi wa Kiingereza, humtolea mbweha soseji mlangoni na kumwita mpenzi. Mimi miaka kumi na minane hajaniita hata bwana.

Katika wiki tatu nilibakiwa na kuku sitini. Wakiisha hao, kibanda changu sokoni kinafungwa, nami umri huu narudi kwenye masufuria. Mkulima akaniambia, "Kiwanja ni changu, ruhusa ya kupiga nakupa. Nunua bunduki ya marisau."

Kibali cha polisi niliomba, na wakati nakisubiri nikaenda kuchagua bunduki. Mke wangu akanifuata. Sikumwalika.

Duka la bunduki London utadhani duka la mahari. Zulia, vichwa vya paa ukutani, na muuzaji amevaa kizibao cha mirabaraba katikati ya Agosti.

"Unawinda nini, bwana?"

"Mbweha."

"Umewahi kupiga bunduki?"

"Bado. Lakini nimewahi kuwakimbia wanaopiga."

Akacheka kwa adabu, akanionesha bunduki tatu. Ya kwanza mitutu miwili imelala pamoja ubavu kwa ubavu, pembeni imechorwa maua ya fedha. Ya pili mtutu mmoja umepanda juu ya mwenzake. Ya tatu nyeusi, kitako cha plastiki, mtutu mmoja, inajipakia risasi yenyewe. Mimi nikaishika ya maua. Mtu aliyebeba magunia ana haki ya maua.

Muuzaji akaniambia nimwelekezee kidole nifumbe jicho moja moja. Nikafanya. "Bwana," akasema, "jicho lako linalotawala ni la kushoto, na bunduki unaiweka bega la kulia. Utakosa."

"Nimekula, nimeandika na nimesalimiana kwa mkono wa kulia miaka hamsini na nane," nikamwambia. "Leo jicho ndilo liniamrishe?"

"Lisipokuamrisha weye, nani atakuamrisha?" mke wangu akasema kwa Kiswahili, mkoba wake mapajani.

Tukaja kwenye risasi. Nikataka zenye marisau makubwa kabisa, chembe kama kunde, nimalize maneno. Muuzaji akaeleza: ganda ni lile lile, marisau yakiwa makubwa yanakuwa machache, yakifika mbali yanaachana, mbweha anapita katikati. Yakiwa madogo, ya njiwa, yanamuumiza tu, akafie kichakani siku tatu baadaye. Akapendekeza saizi ya kati, na nisipige kamwe ng'ambo ya hatua thelathini na tano.

Mimi nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Mke wangu ndiye aliyeelewa.

"Kama chekeche," akasema. "Ukichekecha unga kwa chekeche la mchele, unakula vidudu." Kisha akamgeukia muuzaji kwa Kiingereza chake cha darasa la nane: "Na akikosa, marisau yanakwenda wapi?"

Yule bwana akakaa wima. "Hilo, mama, ndilo swali ambalo hakuna mteja aliyeniuliza wiki hii." Akampa ile nyeusi aipime. Aliipandisha begani mara moja, ikatulia kama mtoto mgongoni.

"Hii haipigi teke sana," muuzaji akasema.

"Basi ni hii."

"Hii kama mpini wa mwavuli!" nikasema.

"Mbweha haji kutazama maua, baba watoto."

Ikawekwa kando dukani kwa jina letu, tukarudi kungoja kibali.

Askari wa vibali akaja nyumbani, mtu mpole, akala kaimati nane. Akaniuliza bunduki naitakia nini, nikamjibu. Akaenda kulikagua kabati la chuma nililolifunga ukutani, akalisukuma, akalisifu. Akakaa tena.

"Na ufunguo wa kabati utakuwa wapi?"

Nikajibu kifua mbele, "Kwa mke wangu."

Akaacha kutafuna.

Kwetu mwanamume hashiki funguo za nyumba. Akizishika, ama kafiwa ama bahili. Funguo zote ziko pindoni mwa kanga ya mwenye nyumba, na mimi tangu nioe sijui hata stoo ya mchele inafunguliwaje. Nikamweleza hivyo. Akanieleza sheria: asiye na kibali asiuguse, wala asijue ulipo. Nikiuweka mfukoni mwangu, atatia sahihi leo leo.

Kuku wangu walikuwa wamebaki arobaini na mmoja. Nikajikaza. "Mke wangu, nipe huo ufunguo wa kabati."

Akafungua pindo la kanga, akaweka mezani shada zima: wa kabati, wa mlango, wa stoo, wa sanduku lake la dhahabu, wa friji kubwa. "Chukua zote, basi."

Askari akatabasamu, akadhani mambo yamekwisha. Hakujua. Mke akimrudishia mumewe funguo, anamwambia neno moja tu, na neno hilo husemwa mbele ya kadhi. Nikalisukuma lile shada, likavuka meza, likarudi kwake.

"Usiniandikie kibali," nikamwambia askari.

Akashangaa. "Na mbweha?"

Mke wangu alikuwa keshafunga pindo. "Mwenye kibali anashika ufunguo, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niletee fomu mimi."

Kibali chake kilikuja kabla ya baridi, akaenda kuichukua ile nyeusi. Mkulima alimfundisha Jumamosi mbili kwa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Jumapili ya pili asubuhi, mbweha alitoka kwenye ua wa miti, akasimama hatua kama ishirini na tano. Mke wangu alitazama kwanza nyuma ya mbweha kuna nini, ndipo akapiga. Mara moja. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai.

"Mimina," akaniambia.

Na leo, nikiwa hai, mali yangu ni hii: nyumba moja ya vyumba vitatu Walthamstow, imelipiwa, kibanda sokoni, bado kiko wazi, gari la mizigo, jeupe, mlango mmoja haufungi vizuri, kuku mia na arobaini na majogoo sita, suti mbili, miwani miwili, kaburi nililolinunua mapema, na la pili ubavuni mwake. Bunduki ni ya mke wangu.