Mrisho na Kabureta Siku ya Kumwoza Zuhura

Fundi Mrisho wa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, aliamini kila ubaya wa chombo cha moto unaanzia kwenye kabureta. Ukimpelekea pikipiki yenye pancha, kwanza anafungua kabureta, ndipo anakuuliza shida yako. Na kusema haki, mkono wake ulikuwa mwepesi. Enzi zile madukani huoni hata gasketi, yeye anakata za kwake kwa boksi la viatu, anazibua jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, kwa uzi mmoja wa waya wa breki, na mashine inanguruma. Mashine za watu, lakini! Yake mwenyewe, ile pikipiki kuukuu ya Kiingereza aliyokuwa akiilaza chumbani, ilikuwa na kiburi cha peke yake. Mkewe, Mwanahamisi, siku anadai talaka alimwambia mbele ya watu: "Kaa na huyo mke wako wa chuma."

Basi Jumapili moja Mrisho anamwoza binti yake wa pekee, Zuhura, huko Mbagala, anakoishi Mwanahamisi tangu waachane. Ndoa ni saa nane mchana. Na saa nane hiyo hiyo ndiyo mwisho wa vyombo binafsi kutembea barabarani siku ya Jumapili, maana serikali ilikuwa inabana mafuta. Ikipita, polisi wanakusimamisha hapo hapo. Mdogo wake Mrisho, Bushiri, alimpitia asubuhi na lori la jamaa.

"Panda kaka, twende zetu."

"Mimi baba wa bibi harusi nipande na mbuzi wa karamu? Nitakuja na chombo changu."

Bushiri hakumficha. Shehe alikuwa na ndoa nyingine Temeke, asingesubiri mtu. Kaka akichelewa, itabidi baba mdogo ndiye aoze. Na Zuhura alishalia siku mbili juu ya jambo hilo, kwamba hataki kuozwa na mtu mwingine na baba yake yu hai.

Lori likaondoka bila yeye. Mrisho alitoka na pikipiki yake baada ya sala ya adhuhuri, yeye mbele na kanzu iliyonyooshwa pasi ikanyooka, nyuma rafiki yake Shaibu, Mmakonde mchonga vinyago. Shaibu ndiye aliyemchongea kifuniko cha tangi, baada ya kile cha chuma kuibwa pale Feri. Kilikuwa cha mpingo, kimezungushiwa mpira wa tyubu, kimekaza hata tone halipiti, na Shaibu alikuwa anakionyesha kwa watu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Wiki hiyo hiyo pikipiki ikaanza kuzimika njiani, na wiki nzima Mrisho akawa anafumua kabureta na kuifunga tena.

Kufika Chang'ombe ikakohoa, ikazima.

"Kabureta," alisema Mrisho akiteremka.

"Labda mafuta." Shaibu aling'oa kifuniko, akachungulia, akakirudisha. "Yamo."

"Si nimekwambia kabureta? Wewe mbishi wa nini?"

Akakunja kanzu mapajani, akachuchumaa, akafungua, akapuliza jeti mpaka macho yakamtoka, akafunga. Kiki moja, ikawaka. "Umeona? Takataka!"

Kufika Mtoni ikazima tena. Shaibu akachungulia tangi tena, Mrisho akapuliza jeti tena, jasho linamtiririka, kanzu imeshapata madoa, wapita njia wanampa pole za kejeli. Ikawaka. Kabla ya kufika Mbagala, puu! Imezima.

Jamani, mtu anachoka! Mrisho aliteremka, akaipiga teke, akaumia kidole, na kwa hasira akaking'oa kifuniko mwenyewe. Tangi likavuta pumzi: *fyuuu*. Akakirudisha kwa ulegevu, akapiga kiki bila kugusa kabureta. Ikawaka, tena kwa sauti safi.

"Shaibu! Kifuniko chako hakipumui! Cha zamani kilikuwa na kitundu cha hewa. Hewa isipoingia, mafuta yatashukaje?"

"Kazi yangu haivuji, wewe!"

"Ndiyo maana, ewe mwana wa watu! Ndiyo maana!"

Walikuwa hawajafika mbali, mashine inakwenda kama maji, askari akanyoosha mkono.

"Ndugu, zima chombo. Saa nane imepita."

"Afande, namwoza mwanangu, hapo mbele tu. Halafu nimeupata ugonjwa wake sasa hivi, hebu sikiliza inavyonguruma!"

"Naisikia. Hongera. Zima."

"Tuisukume," alisema Shaibu.

Mrisho aliitazama. Siku Zuhura anazaliwa alifika hospitali jioni, mama na mtoto wameshalala, kwa sababu alikuwa njiani na kabureta mkononi. Hajawahi kuiacha hii pikipiki popote, hata kwa mtu. Akamtupia Shaibu ufunguo, akashika pindo za kanzu, akakimbia.

Alipoingia uani, Bushiri alikuwa ameshamshika mkono bwana harusi.

"Bado!" Mrisho alipiga kelele, anahema. "Bado, shehe!"

Mwanahamisi alikuwa mlangoni, maneno yake yote ameyapanga tangu asubuhi. Akaitazama kanzu ile, akaitazama mikono myeusi.

"Umeliegesha wapi lichuma lako?"

"Nimeliacha njiani."

"Limeharibika?"

"Limepona."

Ndani Zuhura alikuwa ameanza kulia. Mwanahamisi aliingia chumbani, akarudi na kopo la maji na kipande cha sabuni. Siku zile sabuni watu walikuwa wanaipangia foleni tangu alfajiri, wanaificha uvunguni. Akampa kipande chote.

"Nawa upesi," alisema. "Shehe anakusubiri wewe."